Mtoto Hajizai



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya neno litajwalo sana katika makanisa yetu, walakini halifahamiki sana, yaani kuzaliwa mara ya pili. Twasema hasa na waalimu wa madarasa ya ubatizo, na baba na mama wenye watoto, maana hao ndio waulizwao. Mtu aweza kuyashika maswali yote ya katekisimu, akayajibu bila kukosa hata moja, na bado asilijue neno hili. Wala tusistaajabu. Mtu wa kwanza aliyeambiwa neno hili na Bwana Yesu hakuwa mjinga, alikuwa mwalimu.

Habari zake zimo katika sura ya 3 ya Injili ya Yohana. Jina lake Nikodemo, Farisayo, mkuu mmoja wa Wayahudi. Alikuja usiku, akaanza kwa maneno ya heshima, kama ilivyo desturi ya wenye elimu wakutanapo. Bwana hakukaa katika heshima hizo. Alimwambia mara moja ya kuwa mtu asipozaliwa tena hawezi kuuona ufalme wa Mungu. Nikodemo akashangaa, akauliza kama mtu mzima aweza kurudi tumboni mwa mamaye.

Hapa waalimu na walijue jambo moja la lugha. Injili hii iliandikwa kwa Kiyunani, na neno lililotumika hapo, anothen, lina maana mbili: tena, na kutoka juu. Nikodemo alishika maana ya kwanza peke yake, ndipo akawaza habari za tumbo la mama. Bwana alikuwa akimwinulia macho aione na ya pili. Kadhalika neno pneuma, kwa Kiyunani, ni upepo na ni roho pia. Kiswahili chetu kina maneno mawili hapo, kwa hiyo msomaji haoni upesi jinsi mfano wa upepo ulivyofungamana na Roho Mtakatifu. Nahodha aweza kutweka tanga na kushika usukani. Kuuvumisha upepo wa kusi au wa kaskazi hawezi, hata awe hodari namna gani.

Litazameni basi neno lenyewe, kuzaliwa. Mtoto hajizai. Hakuichagua siku yake, hakumlipa mkunga, hakulima hata tuta moja kabla ya kupewa jina. Amepewa uhai, amepewa titi, amepewa ukoo, naye hakuleta kitu ila kilio chake. Hiyo ndiyo neema. Mtu wa kibarua hupewa mshahara kazi ikiisha, na akinyimwa ana haki ya kushtaki. Aliyepewa zawadi hana mashtaka. Ana shukrani tu.

Nikodemo akauliza tena, mambo hayo yawezaje kuwa? Bwana akamkumbusha habari aliyoijua tangu utoto wake, iliyomo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 21. Wana wa Israeli waliumwa na nyoka jangwani, wakafa wengi. Musa akafanya nyoka wa shaba, akamweka juu ya mti, na kila aliyeumwa alipomtazama akaishi. Hawakuambiwa wawaue nyoka kwanza, wala waonyeshe ya kuwa majeraha yao yameanza kupona. Waliambiwa watazame. Vivyo hivyo, asema Bwana, Mwana wa Adamu hana budi kuinuliwa, ili amwaminiye awe na uzima.

Ubishi juu ya jambo hili ni wa zamani sana, na mtu aliyeitetea neema kwa nguvu kupita wengi alikuwa mtu wa bara letu la Afrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, mahali ambapo leo ni nchi ya Aljeria. Naye alikuwa mwalimu. Alifundisha ufasaha wa kusema Karthago, Rumi na Milano. Akili alikuwa nazo, na sifa pia, lakini tamaa zake zilimshinda. Mamaye, Monika, alimwombea kwa machozi miaka mingi. Siku ya Pasaka, mwaka 387, akabatizwa mjini Milano, umri wake miaka 32. Na baadaye akawa askofu wa Hippo.

Katika siku zake alikuwako mtu mmoja wa Britania, jina lake Pelagius, aliyekaa Rumi. Maisha yake yalikuwa safi, naye alichukizwa kuwaona Wakristo walegevu. Akafundisha ya kuwa mwanadamu ana nguvu za kutosha katika asili yake kuzishika amri za Mungu, akitaka. Aliposikia sala ya Augustino, ambayo ndani yake amwomba Mungu ampe lile lile amwagizalo kulitenda, haikumpendeza. Aliona itawatia watu uvivu. Augustino alimjibu kwa vitabu vingi, maana aliujua moyo wake mwenyewe, jinsi ulivyotaka mema na kushindwa kuyatenda. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikusanyika Karthago, wakayakataa mafundisho ya Pelagius.

Pelagius alikuwa na nia njema, na kwa sababu hiyo mafundisho yake hurudi daima kwa mlango wa nyuma, hasa katika nyumba za watu wenye bidii. Tazameni kijana aliyebatizwa, kisha akaanguka katika ulevi. Haonekani tena kanisani. Akiulizwa, asema, "Nitarudi nikiisha kujitengeneza." Ni kama mgonjwa asemaye atakwenda kwa mganga akiisha kupona. Mtazameni na mzee aliyedumu kanisani miaka 30. Apatwapo na msiba hununa moyoni, akasema, "Kwa kazi yote niliyomfanyia Mungu, ndiyo malipo yangu haya?" Wawili hawa waonekana mbalimbali, lakini daftari lao ni moja. Mmoja amejihesabu ana deni, na mwingine amejihesabu anadai. Wa kwanza yu katika hatari ya kufa nje ya mlango ulio wazi. Wa pili yu katika hatari ya kufa ndani ya nyumba asiyemjua mwenyewe.

Lakini mtu atatuuliza, "Neema ikiwa ya bure, je, watu hawatafanya dhambi kwa raha?" Mtume Paulo aliijua hoja hiyo, akaikataa kabisa katika sura ya 6 ya Waraka kwa Warumi. Na katika sura ya 2 ya Waefeso aliyapanga mambo mawili kwa taratibu yake: kwanza twaokolewa kwa neema pasipo matendo, kisha twaumbwa katika Kristo ili tutende mema. Mtoto hajizai, lakini akiisha kuzaliwa hulia, hunyonya, hutambaa, husimama. Asipolia kabisa, mkunga huingiwa na hofu.

Mkumbukeni Zakayo, katika sura ya 19 ya Luka. Bwana alimwita kwa jina lake, akajialika nyumbani kwake, kabla mtu yule hajaahidi kurudisha hata pesa moja. Ndipo Zakayo aliposimama, akasema nusu ya mali yake atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Yeyote asemaye ya kuwa Zakayo alipe kwanza ndipo Bwana aingie, ameigeuza Injili kuwa duka.

Basi tufanyeje? Ninyi waalimu, msiache kufundisha katekisimu wala amri kumi. Mkulima hulima kwa bidii, ingawa mvua haimo mkononi mwake. Ila jueni ya kuwa kazi yenu ni ya mkunga. Mkunga hukesha, huchemsha maji, humtia mama moyo; uhai wa mtoto hautoki kwake. Mwanafunzi akiisha kuyajibu maswali yenu yote, mwulizeni na hili kwa upole: siku ya kufa kwako utamtegemea nani, na kwa sababu gani? Jibu lake litawaonyesha kama ameshika maneno au amemshika Mwokozi.

Ninyi baba na mama, msidhani ya kuwa mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya Wakristo amekwisha kuzaliwa mara ya pili kwa sababu hiyo. Ubatizo ni alama na ahadi ya Mungu, msiudharau. Lakini mfundisheni mtoto kuipokea ahadi hiyo kwa imani yake mwenyewe, na kumwombea msichoke, kama Monika asivyochoka. Na neno hili, "Ukifanya hivi Mungu hatakupenda," lisisikiwe tena jikoni wala barazani mwenu. Mtoto akikosa, aonywe, na akistahili adhabu aadhibiwe; lakini asifundishwe kwamba upendo wa Mungu hununuliwa kwa utii wake. Atakapokuwa mtu mzima na kuanguka, mafundisho hayo ndiyo yatakayomzuia kurudi.

Na yule kijana mlevi, asingojewe mpaka ajitengeneze. Mwendeeni kwake, kabla ya giza, kabla hajatoka kwenda pombeni. Mwambieni ya kuwa aliyeumwa na nyoka alitakiwa kutazama tu.

Mtauliza, Nikodemo naye alizaliwa lini mara ya pili? Yohana hakutuandikia siku wala saa. Katika sura ya 7 twamwona barazani mwa wakuu, akisema kwamba haifai mtu kuhukumiwa kabla ya kusikiwa, nao wakamdhihaki. Katika sura ya 19, siku ile ile Mwana wa Adamu alipoinuliwa juu ya mti, wanafunzi wengi wametawanyika kwa hofu, twamwona akija pamoja na Yusufu wa Arimathaya, amechukua manemane na udi, kama ratli 100, ili amzike Bwana. Aliyekuja usiku na maneno amekuja sasa mbele ya watu na mzigo. Upepo ulianza kuvuma lini, hakuna aliyeuona. Tanga lililojaa kila mtu aliliona.

Bwana awajalie neema yake, ninyi na watoto wenu. Amina.