DAWA ILIYOMEZWA BADO IKO SAFARINI

Akina mama wengi, wakisha kumtia mtoto kidonge kinywani na kumwona amekimeza, hushusha pumzi na kusema: "Basi, dawa imekwisha ingia." Twawaelewa sana, maana mtu aliyekesha na mtoto mwenye homa anahitaji neno la kumtuliza. Lakini neno hilo si kweli bado. Dawa iliyomezwa imefika tumboni tu, na tumbo ni kama baraza ya nyumba. Mgeni aliyeketi barazani hajaingia ndani. Aweza kukaribishwa, na aweza pia kuondoka zake bila kuonana na mwenye nyumba.

Juma hili nataka tuifuate dawa moja katika safari yake, nayo ni dawa ya mseto, ile ya malaria. Ni kweli kwamba sehemu nyingi za Singida hazisumbuliwi na malaria kama mikoa ya Kanda ya Ziwa. Lakini watu wetu husafiri kwenda kulima na kuchunga, nao hurudi na homa. Na mvua zikinyesha, mbu hawamwulizi mtu mkoa wake. Kwa hiyo mambo haya yanatuhusu.

Kwanza tuione njia yenyewe. Kidonge hushuka tumboni, humomonyoka, kisha huingia katika utumbo mwembamba. Hapo ndipo penye mlango. Dawa hupenya ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu, nayo nyingi hupitishwa kwanza katika ini. Ini ni bawabu mkali: sehemu ya dawa hulibadilisha na kuliharibu kabla halijasambaa mwilini. Kile kinachobaki ndicho kinachokwenda kupigana na vijidudu. Kisichopenya ukuta wa utumbo hutoka chooni, na fedha na taabu ya mama zimekwenda pamoja nacho.

Mseto umeitwa hivyo kwa sababu una dawa mbili katika kidonge kimoja. Nchi yetu iliacha klorokwini mwaka 2001, kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeizoea, ikashika dawa ya SP. Na SP nayo ilipochoka, mseto ukashika nafasi yake kuanzia mwaka 2006. Dawa ya kwanza katika mseto ni artemeta, ambayo asili yake ni mmea wa Kichina. Hiyo ni askari mwenye mbio: huua vijidudu vingi upesi, lakini baada ya saa chache imekwisha katika damu. Ya pili ni lumefantrini. Hiyo ni mlinzi wa usiku: haina haraka, bali hukaa mwilini siku nyingi na kumaliza vijidudu vilivyosalia. Homa ikishuka upesi, tuishukuru artemeta. Homa isiporudi baada ya majuma mawili au matatu, tuishukuru lumefantrini.

Sasa tatizo ni hili: lumefantrini haipatani na maji. Yapenda mafuta. Kila mama amepata kuosha chungu kilichopikiwa nyama yenye mafuta. Ukimimina maji baridi peke yake, mafuta hubaki yameganda pale pale. Ukitia sabuni, yanavunjika na kuchukuliwa na maji. Mwilini sabuni hiyo ni nyongo. Mtu akila chakula chenye mafuta, nyongo humiminwa katika utumbo, huyavunja mafuta kuwa matone madogo sana, na lumefantrini hupanda katika matone hayo kama abiria katika lori na kuvuka ukuta. Tumbo likiwa tupu, hakuna mafuta na nyongo ni kidogo. Lori halikuja, abiria atabaki stendi.

Mtu atauliza: wataalamu wamejuaje, nao hawawezi kuchungulia tumboni? Njia yao ni kupima damu. Huwapa watu dawa, wengine wakiwa na njaa na wengine wameshiba, kisha huwatoa damu kidogo kwa saa mbalimbali na kupima dawa iliyomo. Kwa watu wazima wenye afya waliopewa mseto pamoja na mlo wenye mafuta mengi, lumefantrini iliyoingia katika damu ilikuwa mara 16 ya ile ya watu wenye njaa, na artemeta ilikuwa mara 2. Kidonge kilikuwa kile kile kimoja.

Msomaji asiogope akadhani kwamba pasipo nyama dawa haifai. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2007, wataalamu waliokuwa Thailand walitaka kujua ni mafuta kiasi gani yanayotosha. Waliwapa watu maziwa ya soya kwa vipimo mbalimbali, wakapiga hesabu. Waliona kwamba mililita 36, zenye gramu 1.2 tu za mafuta, zatosha kufikisha sehemu 90 katika 100 za faida yote ambayo maziwa mengi yangeleta. Mwaka 2008 Profesa Zul Premji wa Muhimbili, Dakta Salim Abdulla wa Ifakara na wenzao wa nchi nyingine za Afrika walikusanya habari za vyakula vyetu, wakasema kwamba chakula cha kawaida cha Kiafrika, na maziwa ya mama pia, vina mafuta ya kutosha kwa kazi hiyo.

Nasi wa Singida tuna nini? Tunayo alizeti, ambayo mikoa mingine huifuata kwetu! Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kina zaidi ya gramu 4 za mafuta. Mboga iliyoungwa kwa karanga, uji uliotiwa maziwa, maziwa yenyewe, yai la kuku wa nyumbani: kila kimoja chatosha. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa hata haba yenyewe imetosha.

Lakini mgonjwa si mtu mzima mwenye afya. Mtoto mwenye malaria hukataa chakula, na ukimlazimisha hutapika. Basi siku ya kwanza dawa huingia kidogo. Siku ya pili na ya tatu homa imeshuka, mtoto aomba uji, acheza na wenzake. Na wataalamu walipopima damu waliona kwamba dozi za siku hizo huingia vizuri zaidi kuliko zile za kwanza. Tulitafakari jambo hili, wasomaji wapenzi. Siku ile mama aonapo mtoto amepona, akavificha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa ya mwaka ujao, ndiyo siku ambayo vidonge vingeingia vema kuliko vyote. Ametupa dozi zilizo bora, akabaki na zile zilizoingia nusunusu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Vijidudu vichache vilivyosalia vitaongezeka kimya kimya, na homa itarudi wakati dawa ndani ya nyumba ni pungufu.

Wako na wengine hufanya kinyume. Husahau dozi ya asubuhi, na jioni humpa mgonjwa mbili kwa mara moja ili alipe deni. Hiyo nayo haifai. Mlango wa utumbo kwa lumefantrini ni mwembamba. Ukipeleka abiria maradufu kwa safari moja, hawaingii maradufu. Ndiyo sababu dozi 6 zimegawanywa katika siku 3: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata.

Hapa hapa Tanzania uchunguzi wa namna hii umefanywa kwa akina mama wajawazito. Mwaka 2014 Dakta Dominic Mosha wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, pamoja na wenzake wa hapa na wa Uswisi, walitangaza habari za wanawake 55 wenye malaria waliotibiwa kwa mseto: 33 wajawazito na 22 wasio wajawazito. Kila mmoja alitolewa damu mara tano tu katika siku 7. Kwa vipimo vichache hivyo watu hawa waliwezaje kujua mwendo wote wa dawa?

Fikiri habari ya pipa linalojazwa kwa bomba, nalo lina tundu chini. Huna nafasi ya kukaa kando yake mchana na usiku. Lakini ukipita mara tano kwa nyakati mbalimbali na kuandika maji yamefika wapi, na ukifanya hivyo kwa mapipa 55, waweza kupiga hesabu ukajua maji huingia kwa kasi gani na kuvuja kwa kasi gani. Kadhalika waweza kubashiri maji yatakuwa wapi kesho, au bomba likifunguliwa siku mbili zaidi. Mwili ndio pipa, utumbo ndio bomba, ini ndilo tundu, na hesabu hufanywa kwa kompyuta. Huko si kupiga ramli, maana ubashiri huo hupimwa tena kwa damu, na ukikosea huonekana.

Waliona nini? Kwa wajawazito, lumefantrini iliyofika katika damu ilipungua kwa sehemu 34 katika 100 kuliko kwa wanawake wengine. Kuhara nako kuliibadilisha hali ya dawa mwilini. Malaria ilionekana tena kwa wajawazito 18 katika kila 100, na kwa wale wengine 5 katika kila 100. Wanawake waliochunguzwa walikuwa wachache, kwa hiyo tofauti hiyo ya mwisho peke yake haitoshi kukata shauri. Lakini jambo moja lilionekana wazi: aliyekuwa na lumefantrini nyingi katika damu siku ya 7 alikuwa na heri zaidi ya kupona kabisa. Mwaka 2018 wataalamu wengine waliunganisha hesabu za nchi nyingi, wakaona kwamba watoto wadogo na wajawazito hupata dawa pungufu, na kwamba kuongeza siku kungefaa kuliko kuongeza vidonge kwa mara moja. Hayo ni ya kuamuliwa na wakuu wa tiba. Mama mjamzito asijiongezee wala asijipunguzie. Kazi yake ni kueleza zahanati kwamba ana mimba, kumaliza dozi, na kurudi upesi homa ikirudi.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Katika mkoa wa Kagera, uchunguzi uliofanywa mwaka 2022 ulithibitisha kwamba vijidudu vingine huchelewa kufa kwa dawa za ukoo wa artemeta. Mseto bado uliponya wagonjwa wengi huko. Lakini askari mwenye mbio akianza kulegea, mzigo humwangukia mlinzi wa usiku, na mlinzi aliyeachwa nje ya mlango hamlindi mtu. Tena vijidudu vinavyoonja dawa kidogo pasipo kufa ndivyo vinavyojifunza kuishi nayo, kisha huhamia kwa jirani.

Neno moja la tahadhari. Msiichukue sheria ya mafuta mkaitumia kwa dawa zote. Rifampisini ya kifua kikuu huingia vema tumbo likiwa tupu. Tetrasaiklini ikikutana na maziwa hufungwa nayo isiweze kupenya. Vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito huzuiwa na chai. Kila mgeni ana mlango wake. Kwa hiyo ukipewa dawa, usione haya kuuliza: "Je, bwana mganga, hii huliwa kabla ya chakula au baada yake? Na ni kitu gani nisiichanganye nacho?" Swali hilo halilipiwi.

Basi, kwa habari ya mseto, yafaa tushike mambo haya. Mtoto akapimwe kwanza, kwa sababu si kila homa ni malaria. Apewe vidonge kwa kadiri ya uzito wake, kama zahanati ilivyoagiza. Kila dozi iende pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, na anyonyaye anyonyeshwe. Akikataa kula kabisa, usimnyime dawa ukingoja hamu irudi; mpe dozi kwa wakati wake, kisha mpe chakula mara aweza. Akitapika kabla ya saa moja kwisha, safari imekatika: apewe dozi nyingine, nawe uende zahanati kuomba ya kujaza pengo. Akiwa anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, anashikwa na degedege au amelegea asiamke, hapo vidonge si kazi yake. Mbebe hospitali saa ile ile, hata usiku.

Na siku ya tatu, mtoto akimbiapo uani akifukuza kuku, mwite. Mpe kijiko cha uji wa maziwa na vidonge vile vya mwisho. Atanung'unika, maana ajiona mzima. Mpe hivyo hivyo, kwa kuwa leo ndipo mlango uko wazi.