Buda, hiyo ekzosi imekupunguzia pakiti moja tu ya unga

Wasee wa Subaru mtanisamehe leo. Wiki mbili zilizopita niliposti video ya beshte yangu akiwasha Impreza yake hapa Kisii mjini, ekzosi mpya ikinguruma mpaka mama wa ndizi akageuka na kisu mkononi. Komenti zikajaa. Wengi wenu mkaandika eti sasa gari imekuwa nyepesi, eti ndio maana inaruka. Nyepesi? Hapo ndipo nikaanza kuwashwa.

Siku ya kuifunga nilikuwa nimelazimisha tupime zote mbili, ya zamani na mpya, kwa sababu nilitaka kitu cha kuposti. Tukazibeba hadi kwa jamaa wa vyuma chakavu upande wa Daraja Mbili, akazining'iniza kwenye mizani yake moja baada ya nyingine. Ya kiwandani ilikuwa kilo 15. Mpya, kilo 13. Yaani pesa yote ile, na siku nzima chini ya gari, imepunguza kilo mbili. Hiyo ni pakiti moja ya unga wa ugali. Gari yenyewe ina uzito wa karibu kilo 1,400, kwa hivyo hata robo ya asilimia moja hatujafika.

Na huyo alikuwa na bahati. Mabomba mengi yanayochomelewa kwenye gereji zetu ni ya chuma cha kawaida, mazito tu kama yale yaliyotolewa, wakati mwingine mazito zaidi kwa sababu fundi anatumia bomba lililopo. Ekzosi inayopunguza kilo za maana ni ya titani. Titani ina uzito wa gramu 4.5 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma cha pua karibu 8. Lakini mwenye ekzosi ya titani hapa Gusii, akijitokeza nitamnunulia chai na mandazi mwezi mzima.

Sipingi watu kupunguza uzito wa gari. Kwanza ni hesabu tamu, na mimi hesabu hizi ndizo kitu cha pekee nilichotoka nacho chuo kabla karo haijanitoa mimi. Gari nyepesi inashika kasi haraka, inakunja kona vizuri na inakunywa mafuta kidogo. Lotus ya Uingereza ilijenga jina lake lote juu ya hiyo. Shida yangu ni kwamba tumeanza na kile kinachosikika, tukasahau kile kinachosimamisha. Na sisi hatukai tambarare. Hapa kwetu ukitoka tu getini kwenu uko kwenye mlima au kwenye mteremko.

Hebu tufanye hesabu moja, usitoroke. Chukua mteremko wowote unaojua kati ya Kisii na Nyamira unaoshuka mita 200 kwenda chini. Gari ya kilo 1,400 ikishuka hapo bila kuongeza mwendo, nguvu ya huo mshuko lazima iende mahali. Sehemu inaliwa na upepo na injini ukiwa gia ndogo. Inayobaki yote inageuka joto kwenye breki. Ukiiachia breki kazi yote, hilo joto linatosha kuchemsha karibu lita 8 za maji baridi. Lita nane! Kwenye diski nne na padi zake. Sasa punguza kilo 15 kwenye gari, tuseme umefanya kazi ya maana. Umeokoa maji yasiyojaza kikombe kimoja cha chai.

Hiyo hesabu nilikuwa naijua kichwani. Mwilini niliijua Jumamosi moja tukitoka matanga upande wa Keroka. Beshte yangu anaendesha, mimi mbele, mamake na shangazi yake nyuma, buti imejaa. Jamaa alikuwa ameona mtandaoni diski za breki zenye matundu, akasikia ni nyepesi na zinapoa haraka. Badala ya kununua, akampelekea fundi mmoja diski zake za zamani zitobolewe kwa drili. Fundi akatoboa. Zikapendeza kweli, nilizipiga picha mwenyewe na nikaziposti, kwa hivyo mimi pia nina mkono hapo.

Kabla ya Keumbu nikaona mguu wake unakanyaga mara mbili mbili. Akasema polepole, ili mama asisikie, "Manze, pedali inaenda chini." Nilidhani anatania. Halafu harufu ikaingia, ile harufu kali kama ya kitu cha plastiki kinachoungua. Akaweka gia ya tatu, injini ikalia, akaweka ya pili, ikalia zaidi, handibreki akaivuta kidogo kidogo. Nyuma shangazi alikuwa anaomba kwa Kigusii, akimwita Nyasae kwa jina lake lote. Tuliposimama barabara ilikuwa imeanza kupanda tena, pembeni kuna wamama wanauza ndizi, na moshi unatoka magurudumu ya mbele.

Tulipoyafungua magurudumu baadaye, diski moja ilikuwa na ufa kutoka tundu hadi tundu. Mogaka mmoja, fundi wa miaka mingi, aliiangalia akatikisa kichwa tu. Alitueleza hivi: diski ni sufuria ya joto. Ukiipunguza chuma, sufuria imekuwa ndogo lakini moto ni ule ule, kwa hivyo inapata joto zaidi. Na tundu la drili ambalo halikupangwa na aliyetengeneza diski ni mahali pa ufa kuanzia. Diski nyepesi za kweli zipo, Porsche walianza kuuza gari za barabarani zenye diski za kauri mwaka 2001, na zina karibu nusu ya uzito wa zile za chuma. Lakini ni kitu kingine kabisa, zimetengenezwa hivyo kutoka mwanzo. Huwezi kuzifikia kwa drili.

Halafu kuna mafuta ya breki, na hapa naomba mnisikilize kwa sababu hakuna anayeposti mafuta ya breki. Yanavuta unyevu kutoka hewani. Yakiwa mapya, DOT 3 haichemki chini ya nyuzi 205, na DOT 4 haichemki chini ya 230. Yakishavuta maji, viwango vinashuka hadi 140 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inaenda chini bila kushika kitu. Ndicho kilichotupata. Beshte hakumbuki kama aliwahi kuyabadilisha tangu anunue gari. Ukipita miaka miwili, badilisha. Ni bei ndogo sana ukilinganisha na ekzosi yoyote.

Kuna watu wataniambia, si ununue breki kubwa za STI basi, zile za Brembo. Nunua kama una pesa na kama unajua zimetoka wapi. Lakini usiseme unapunguza uzito, kwa sababu breki kubwa mara nyingi ni nzito kuliko za kwanza. Unaongeza kilo ili upate mahali pa kuweka joto, na hiyo ni biashara nzuri. Kupunguza kilo kwenye gurudumu kuna faida kubwa kuliko kuzipunguza kwenye boneti, kwa sababu gurudumu linazunguka na haliko juu ya springi. Ila fanya hivyo kwenye rimu. Diski iache ilivyo.

Mkitaka kupunguza uzito kesho asubuhi bila senti, fungueni buti. Ya beshte yangu tulitoa jeki mbili, sijui ya pili ni ya nani, jerikani, nyundo, sanamu ya mawe ya Tabaka aliyoahidi kupelekea mtu Nairobi tangu mwaka jana. Na woofer. Lile sanduku la mbao na spika zake ni kilo 28 kwenye mizani ile ile ya vyuma chakavu. Mtu amelipa fundi atolewe kilo mbili chini, huku amebeba 28 juu akisikiliza muziki.

Na kabla madereva wa Probox hamjacheka, nyinyi ndio wa kwanza. Probox ina viti vya watu watano. Ile ninayopanda kwenda Nyamira inabeba tisa, wengine kwenye buti, na mikungu ya ndizi juu ya keria. Watu wanne wa ziada ni kilo 260 hivi, kwenye gari ambayo nyuma ina breki za ngoma, sio diski hata. Dereva huyo hajafunga ekzosi ya kelele na hatumpigi video, lakini yeye ndiye anayebeba lita za maji yanayochemka kila siku, mara kumi kwa siku. Mimi hupanda. Sina gari. Ndio maana naandika.

Kelele nayo sitaki kuizungumzia sana. Kanuni za kelele ziko tangu 2009, na mgonjwa aliyelala hospitali kuu pale saa sita usiku hajali gari yako ina nguvu farasi ngapi.

Beshte yangu amenunua diski mpya za kawaida, padi mpya, na mafuta ya DOT 4. Ekzosi imebaki, anasema hiyo ni roho yake, sawa. Woofer amerudisha ndani. Mamake naye siku hizi kabla ya kupanda anasimama kwanza nje na mkoba wake, anauliza yale mafuta ya breki yalibadilishwa lini.