Puli za uani: unafuu wa msagishaji, hatari ya fundi

Msimu wa mavuno unapofika Nyanda za Juu Kusini, mashine ya kusaga nafaka iliyosimama huhesabiwa hasara kwa saa. Msagishaji ambaye puli yake imevunjika hana subira ya kungoja kipuri kutoka mjini. Huenda kwa fundi anayesubu aluminiamu uani kwake, akamwachia puli mbovu iwe kielelezo na kumtaka aimalize kabla ya jioni.

Kiuchumi, biashara hii ina mashiko. Malighafi ni pistoni na vifuniko vya injini vinavyonunuliwa kwa kilo katika vyuma chakavu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Sentigredi, joto ambalo tanuri la mkaa lenye feni hulifikia bila taabu. Mchanga wa kalibu, uliochanganywa na udongo kidogo wa mfinyanzi, hutumika tena na tena. Mtaji ni mdogo, na ndiyo sababu kazi yenyewe imehamia majumbani, mita chache kutoka jikoni na watoto wanakocheza.

Tatizo ni ile haraka. Mchanga wa kalibu hutaka unyevu wa kuushikamanisha tu: ukikamatwa kiganjani ubaki donge, donge likivunjwa likatike vipande viwili bila kulowesha mkono. Fundi anayekimbizwa huongeza maji ili umbo lishike upesi. Maji hayo yakikutana na metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke wenye ujazo wa takriban mara 1,700, na mvuke uliokosa tundu la kutokea huirusha metali usoni mwa aliyeinama. Ndivyo inavyokuwa pia chakavu chenye umande kinapotumbukizwa katika chungu ambacho tayari kina metali ya maji, au metali inapomwagikia sakafu ya saruji, ambayo hutunza unyevu ndani yake na kupasuka.

Kinga ya hayo yote ni ya bei ndogo mno. Chakavu kipashwe moto ukingoni mwa tanuri kabla ya kutumbukizwa. Kalibu itobolewe matundu kwa waya mwembamba. Kazi ifanyike juu ya mchanga mkavu, kwa viatu vya ngozi vilivyofunikwa na suruali ya pamba. Kandambili na nguo za nailoni hazifai hata kidogo. Miwani nayo haifikii gharama ya matibabu ya jicho.

Kinachokosekana ni muda, na muda huo hakuna anayeulipia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, huendeshwa kwa michango ya waajiri. Fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumchangia. Akiungua, familia yake ndiyo inayobeba gharama, huku msagishaji akiwa amekwisha pata puli yake kwa bei ya chini. Kwa maneno mengine, fundi humpa mteja ruzuku kwa ngozi yake.

Wakaguzi peke yao hawatalimaliza hili, kwani nyua ni nyingi na tanuri huzimwa kwa dakika chache. Mwenye uwezo wa kubadili hali ni mteja. Puli ya akiba ikiagizwa mwezi Machi na kulipiwa malipo ya awali, fundi hupata wiki nzima ya kuanika chakavu chake juani.