Fizikia ya Nadharia na Shule za Vijijini

Wapo wasemao kwamba fizikia ya nadharia ni anasa isiyowahusu wanafunzi wa Kitahana, Kibondo wala Kasulu, kwa kuwa yahitaji mitambo ambayo shule za huko hazinayo. Hoja hiyo ni dhaifu, na mfano mmoja watosha kulidhihirisha jambo hilo.

Mwaka 1978 Cremmer, Julia na Scherk waliunda nadharia ya supagraviti yenye vipimo 11. Ulimwengu uonekanao una vipimo vinne: urefu, upana, kimo na wakati. Saba vilivyosalia hudhaniwa kuwa vimekunjamana vikawa vidogo mno, visionekane, kama upana wa mto Malagarasi usivyoonekana kwa mtu autazamaye kutoka kilima cha mbali.

Je, vimekunjamana kwa umbo gani? Umbo mojawapo lililopendekezwa ni tufe. Mwanafunzi na achukue mpira. Urefu, upana na kimo hufanya jozi tatu za mielekeo. Hivyo mpira una njia tatu za msingi za kuzungushwa bila sura yake kubadilika. Kibuyu kina njia moja tu, kwa mhimili upitao shingoni. Tufe la vipimo saba hukaa katika mielekeo minane, nayo jozi zake ni 28. Mwaka 1983 Awada, Duff na Pope walichunguza tufe hilo likiwa limebonyezwa kwa namna maalumu. Hapo njia 28 hupungua kuwa 13. Kwa kuwa katika nadharia hii kila njia huzaa aina moja ya chembe ibebayo kani, kubadili umbo ni kubadili sheria za maumbile.

Ni kweli kwamba hakuna jaribio lililothibitisha vipimo hivyo, na mwalimu hana budi kulisema hilo waziwazi. Lakini hesabu yenyewe ni sahihi, nayo yahitaji chaki, mpira na kibuyu tu.

Mwaka 1964 Abdus Salam wa Pakistani alianzisha kituo cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini wasitengwe. Mwaka 2018 taasisi shirika ya kituo hicho ilifunguliwa Kigali, katika nchi jirani na Tanzania. Mwanafunzi wa Kasulu hataweza kuifikia iwapo mwalimu wake ataruka jiometri kwa kisingizio cha kukosa maabara. Jiometri haihitaji maabara, nayo yapasa ifundishwe kikamilifu.