DAC Haitaokoa Ngoma Mbovu

Wacha nianze na aibu yangu. Nilipoacha chuo, nilibaki na elfu 12 ambazo mathe alikuwa amenitafutia za fee. Badala ya kumrudishia, nilipanda mat hadi Nairobi nikanunua DAC. Muuzaji aliniapia nitasikia msanii kama amekaa kitandani kwangu.

Nikarudi Kiandutu, nikaunganisha kwa laptop na spika, nikamwekea mathe wimbo wa Joseph Kamaru. MP3 yenyewe nilikuwa nimeitoa kwa flashi ya msee wa boda. Akasikiza kidogo, akauliza, "Na mbona huyu bado anaimbia ndani ya mtungi?"

Elfu 12, wasee. Mtungi.

Sasa nikiona vijana wenzangu wakiambiwa kila siku kwamba bila DAC ya bei hawajui muziki, naskia hasira. DAC ni kibadilishi tu: inachukua namba zilizo kwa faili na kuzigeuza kuwa umeme unaosukuma spika au hedifoni. Laptop yako iko na moja ndani. Simu yako pia. Na hakuna DAC inaweza kuongeza kitu ambacho faili haina. MP3 ya kilobiti 128 ishatupa sehemu ya sauti, na kila mtu anayeigeuza upya anaipunguza tena. Kununua DAC ya kuchezea hiyo ni kununua sufuria mpya ya kuchemshia majani ya chai ya jana.

Halafu wanakutisha na namba. Biti 32! Kilohezi 384! CD imetumia biti 16 na kilohezi 44.1 tangu 1982. Hizo kilohezi zinabeba sauti hadi karibu 22, na sikio la kijana mzima linafika kama 20. Biti 16 zinatoa nafasi ya karibu desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kwa nyumba ya mabati, jirani anachomelea vyuma na mvua inapiga juu, hizo desibeli za ziada utazisikia wapi?

Na kama unatumia iyafoni za Bluetooth, kibadilishi kinachofanya kazi kiko ndani ya hizo iyafoni. DAC uliyochomeka kwa simu imekaa tu, kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai.

Sisemi DAC ni uongo. Simu yako ikikosa tundu la waya, utaihitaji. Laptop ikilia "zzzz" kwa hedifoni, inaweza kusaidia, lakini kwanza chomoa chaja. Kelele ikiisha, shida ilikuwa umeme. Ukiamua kununua, anza na ndogo. Ule waya mfupi wa Apple wa USB-C huuzwa Marekani kwa dola 9, na ndani yake kuna DAC kamili. Uliza tu swali moja dukani: hii waya iko na DAC ndani? Kuna zingine hazina, na kwa simu nyingi hazitatoa hata sauti. Ijaribu na simu yako kabla hujalipa.

Pesa ikibaki, weka kwa hedifoni nzuri za waya. Hapo ndipo utasikia tofauti. Lakini kabla ya yote, tafuta faili safi.

Kuna watakaosema haya ni maneno ya maskini. Sawa. Tajiri akikosea ananunua ingine. Sisi tukikosea, ni fee, ni rent, ni unga. Ndiyo maana ni sisi tunafaa kujua hii kitu inafanyaje kazi.

Kamaru alituacha 2018. Mjukuu wake, mwanamuziki KMRU, amekuwa akizirudisha nyimbo za babu yake kwa Bandcamp, na huko ukinunua unaweza kuchukua FLAC, faili ambayo haijatupa chochote. Nilinunua, nikacheza kwa laptop ileile, spika zilezile, bila DAC. Mathe aliacha kuchambua sukuma. Alisikiza wimbo wote, akaniambia nirudie.

Ile DAC niliiuza elfu 5, nikampea zote. Bado ananidai 7.