Tahadhari ya bahari iwe na macho

Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia Afrika Mashariki, serikali yetu ilipiga marufuku uvuvi na shughuli za ufuoni. Tarehe 4 kikatua kisiwani Mafia, Tanzania, kisha kikafifia. Alhamdulillahi, upande wetu hakikutua.

Siilaumu tahadhari ile. Roho ikipotea hairudi. Lakini kwa mvuvi anayekula alichovua leo, kufungiwa bahari ni kufungiwa jiko. Akifungiwa mara mbili tatu na asione upepo, mara ya nne ataingia, na huenda hiyo ndiyo siku yenyewe.

Hapo ndipo rada ya hali ya hewa inapohitajika. Setilaiti huona kimbunga kingali mbali baharini, lakini hutazama mawingu kutoka juu. Rada hutuma mawimbi ya redio, yakagonga matone ya mvua na kurudi. Mwangwi huo hueleza mvua iko wapi na ina uzito gani. Rada za Doppler huonyesha pia kama matone yanasogea au yanakwenda mbali, na kwa hivyo kasi ya upepo ndani ya mvua. Zile mpya hutuma mawimbi ya wima na ya ulalo, zikaweza kutofautisha mvua na mvua ya mawe. Marekani ina mtandao wa rada kama 160 za aina hii.

Kwa hivyo badala ya kuambiwa "Pwani yote jihadharini", nahodha wa Shimoni anaweza kuambiwa dhoruba inamjia yeye, na ana muda gani wa kurudi bandarini.

Jirani zetu Tanzania wameweka rada Dar es Salaam, Mwanza na Mtwara, miongoni mwa sehemu nyingine. Wako watakaosema tuazime macho yao. Haitoshi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa ni takriban kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Dunia ni mviringo, hivyo mwali wa rada kadiri unavyokwenda ndivyo unavyopanda juu ya ardhi. Ukifika kwetu unapita juu ya mvua nyingi bila kuiona.

Basi magavana na wabunge wa Pwani wanapozungumzia uchumi wa buluu, waulize: rada ya kuhudumia bahari hii iko wapi katika bajeti? Nani ataitunza, kwa umeme upi, na mafundi gani? Na taarifa yake itamfikiaje mvuvi wa Kiunga kabla hajatweka tanga, kwa Kiswahili anachokielewa?

Dini yetu imetufunza kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Mvuvi wetu hutawakali kila alfajiri. Kamba ndiyo bado hajapewa.