Gulyás bila mafuta ya nguruwe bado ni gulyás

Mama mkubwa wangu anaishi Szeged, kusini mwa Hungaria. Nikimpigia simu siku niliyopika gulyás, swali lake ni moja: "Umekaangia mafuta gani?" Nikisema ya alizeti, hunyamaza. Kwake, kitunguu kisichokaangwa kwa mafuta ya nguruwe kimeharibu sufuria, na ukoo pia.

Mama yangu aliolewa na Mwislamu wa Tanga aliyekuwa akisoma Budapest. Alipofika ukweni aliacha mafuta hayo, basi. Mengine yote yalibaki. Vitunguu viwe vingi, vilainike bila kuungua. Sufuria iepuliwe kwanza, ndipo paprika imwagwe, kwani ina sukari na ikiungua huwa chungu. Kisha nyama ya ng'ombe, kisibiti, maji, viazi, na mwisho csipetke, yaani vinyunya vya unga na yai vinavyonyofolewa kwa vidole. Bibi mzaa baba, mpika maandazi wa miaka mingi, alikuja kuvinyofoa haraka kuliko mama mwenyewe.

Hata jina halina nguruwe ndani yake. Gulya ni kundi la ng'ombe. Gulyás ni mchungaji wake, kisha likawa jina la chakula alichojipikia malishoni katika bogrács, chungu cha chuma kinachoning'inizwa juu ya moto. Tena ni supu! Ule mchuzi mzito unaouzwa mahotelini kwa jina hilo, Wahungaria huuita pörkölt.

Na paprika, fahari ya Szeged? Asili yake ni Amerika, na Hungaria ilifika enzi za Waturuki, walioishika Buda kuanzia 1541 hadi 1686. Karne nyingi baadaye Albert Szent-Györgyi, profesa wa Szeged, aliipata vitamini C kwa wingi katika pilipili hizo za kwao, na mwaka 1937 akatunukiwa Nobel. Kama Wahungaria waliifanya yao pilipili waliyoletewa na Waturuki, sioni kosa la mama kuipika katika nyumba ya Waislamu wa Tanga.

Mafuta ya nguruwe nasikia yana ladha yake. Sijaonja wala sitaonja, na Uhungaria wangu haujapungua hata kijiko.

Wenzangu mliozaliwa na wazazi wa nchi mbili, wapikieni watoto wenu. Msingoje ruhusa ya mama mkubwa.